Mwongozo wa Kibarua cha Kusubiri Chuo, kwa Vijana wa Nkoma

Umetoka kwenye chumba cha mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Novemba. Sare umemwachia mdogo wako, kalamu umegawa, nywele umeanza kuzifuga. Nyumbani umepokelewa kama mgeni, na kama kawaida ya wageni, siku ya tatu umepewa jembe. Kuanzia hapo hadi Kidato cha Tano kifunguliwe Julai ni zaidi ya miezi saba. Kaka yako wa Kidato cha Sita, anayemaliza mitihani Mei, naye ana miezi mitano au zaidi kabla vyuo vikuu havijafunguliwa, ukitoa miezi mitatu ya JKT kwa aliyeitwa.

Miezi hiyo ni mingi. Ukiilala yote, utaamka umenenepa mashavu na mfuko umekonda. Ukiifanyia kazi yoyote inayojitokeza, unaweza kuamka mgodini, au kwenye pikipiki ya mtu, huku jina lako likisomwa kwenye orodha ya wanafunzi ambao hawajaripoti. Kwa hiyo mwongozo huu una shabaha moja: kazi bora ya kusubiri chuo ni ile itakayokuacha uende chuo. Kila hatua hapa chini inatoka kwenye kanuni hiyo.

Hatua ya kwanza: Usimuige mwanafunzi wa Marekani

Huko Marekani na Ulaya wanafunzi hufanya kazi za kiangazi, Juni hadi Agosti. Wanabeba sahani hotelini, wanalinda waogeleaji ufukweni, wanauza barafu tamu. Nkoma haina ufukwe, na mama lishe wa hapa ana binti yake wa kuosha sahani. Ukikaa unasubiri kiangazi cha watu wengine, utakikosa na msimu wetu utaukosa.

Nkoma ni kata ya Wilaya ya Itilima, eneo lililokuwa la Bariadi hadi mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa, sehemu kubwa kutoka Shinyanga. Huu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, na pamba ndiyo inayogawa ajira hapa. Inapandwa kuanzia mwishoni mwa Novemba, wakati Kidato cha Nne wanarudi nyumbani. Inapaliliwa kuanzia Januari, matokeo yanapotoka. Inachumwa na kuuzwa kuanzia Mei, Kidato cha Sita wanapoweka kalamu chini. Kalenda ya Baraza la Mitihani na kalenda ya shamba zinafuatana, na kijana anayeziona zote mbili hakosi kibarua.

Hatua ya pili: Andika tarehe kabla ya kuandika wasifu

Chukua daftari. Ukurasa wa kwanza usiuandike sifa zako. Hapa kijijini zinajulikana tayari, na nyingine usingependa ziandikwe. Andika tarehe zinazoamua maisha yako.

Kwa aliyemaliza Kidato cha Nne: matokeo hutoka Januari. Baada ya hapo hufunguliwa dirisha la kubadili tahasusi na vyuo kwenye mfumo wa Selform. Kisha TAMISEMI hutangaza waliochaguliwa Kidato cha Tano na vyuo vya kati, na Julai masomo yanaanza. Kwa aliyemaliza Kidato cha Sita: wito wa JKT kwa mujibu wa sheria, uliorejeshwa mwaka 2013, matokeo ya Julai, maombi ya vyuo vikuu, na maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambayo yanadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Uhakiki huo usiuachie wiki ya mwisho, maana wiki ya mwisho nchi nzima ndiyo inaukumbuka.

Mwajiri mpe tarehe hizo mapema, na uzitamke wazi: "Mzee, nitafanya kazi, lakini siku ya kuomba mkopo nitakwenda Bariadi." Akikubali, huyo ni mwajiri. Akicheka na kusema shule haina maana siku hizi, mshukuru kwa maji ya kunywa, uondoke.

Hatua ya tatu: Itafute kazi inakopatikana

Kazi za Nkoma hazibandikwi gazetini. Zinasemwa: kwenye ofisi ya AMCOS (chama cha ushirika) wakulima wanapochukua mbegu na dawa, mnadani, nje ya kanisa baada ya ibada, kwa fundi baiskeli, na kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji wa kata. Pita sehemu hizo kila wiki, umeoga, umevaa kawaida, simu mfukoni.

Unapoomba, salamu kwanza. Mzee mwenye shamba asubuhi anaamkiwa "Mwangaluka", anaulizwa habari za watu, za ng'ombe na za mvua, na mvua asikatizwe mpaka aimalize. Baada ya hapo ndipo useme unachoweza na unachotaka kulipwa. Kijana anayeanza na "kuna dili lolote?" anajibiwa hakuna, hata kama palizi imemshinda mzee kwa heka tatu.

Na usione aibu. Wapo wanaojificha wenzao wasiwaone na jembe baada ya miaka minne ya fizikia. Mchagua jembe si mkulima, na anayeogopa kuonekana na jembe Nkoma itabidi ajifiche kwa kila mtu, kuanzia mwenyekiti wa kitongoji hadi mwalimu wake wa hesabu, ambao wote wana mashamba.

Hatua ya nne: Panga kazi kwa msimu

Novemba na Desemba ni kupanda. Hapa kuna kazi ambayo mhitimu anaifanya vizuri kuliko wengi: kupanda kwa mistari. Wataalamu wanashauri nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, lakini mashamba mengi bado hupandwa kwa kukisia. Tafuta kamba ndefu, ipigie mafundo kila sentimita 30, kata kijiti cha sentimita 60, tafuta mwenzako wa kushika upande wa pili. Ekari moja ina mita za mraba 4,000 hivi. Gawa kwa nafasi ya shimo moja, utapata mashimo 22,222. Na kwa miche miwili kila shimo, miche 44,444. Mweleze mkulima hesabu hiyo pembeni ya shamba lake la mwaka jana lenye mapengo. Hujaomba kibarua tena hapo; umemuuzia kitu, na bei unaitaja wewe kwanza.

Januari hadi Machi ni palizi. Chukua kazi ya kipande kuliko kazi ya siku. Kazi ya kipande unaianza alfajiri na kuimaliza kabla jua halijakuwa kali, na mchana ni wako wa kwenda kuangalia matokeo au kusoma. Hakikisha kipande kinapimwa kwa hatua mbele yako. Mashamba yanayopimwa kwa kidole cha mwenye shamba, "kuanzia hapa mpaka pale kwenye mti", huwa na tabia ya mti kusogea.

Kuanzia Mei ni kuchuma. Hapa unalipwa kwa kilo, na siri ya kilo ni utaratibu. Subiri umande ukauke. Beba mifuko miwili: mmoja wa pamba safi, mmoja wa fifi, ile iliyochafuka, ili usirudie kuchambua jioni. Usitumie mifuko ya salfeti, nyuzi zake zinaingia kwenye pamba na kiwandani hazitoki. Na atakayekutuma kumwagia pamba maji au mchanga ili mizani ipande, mkatalie. Wizi huo unaharibu bei ya kijiji kizima, pamoja na ya baba yako.

Wenye mbuga za udongo mweusi wana dengu na choroko za kuvuna pamba ikiwa bado shambani. Msimu ukiisha, masalia ya pamba lazima yang'olewe na kuchomwa ili wadudu wasivuke mwaka. Hiyo ni kazi nzuri kwa kijana aliyerudi kutoka JKT na nguvu mpya, na haina ushindani. Wengine wote wamechoka.

Hatua ya tano: Uza na kichwa

Kidato cha Nne ni mtaji. Ukijua kuandika kwa mwandiko unaosomeka na kujumlisha bila kuomba simu, nenda AMCOS kabla msimu haujafunguliwa, uulize kama wanahitaji msaidizi wa karani. Kwenye mizani kuna foleni, kuna stakabadhi, kuna mkulima asiyeona vizuri anayetaka kujua kilo zake. Msomee sawasawa. Karani mwaminifu kijijini anakumbukwa miaka mingi, na asiye mwaminifu anakumbukwa zaidi.

Tuisheni ni kazi nyingine. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, na wazazi wanaanza kuhangaika mapema. Kusanya watoto wanane au kumi chini ya mwembe, somo moja, saa moja na nusu jioni. Chagua hesabu au Kiingereza. Waambie wazazi ada kwa wiki, maana ada ya mwezi hulipwa mwezi unaofuata, na huo unaofuata nao una unaofuata. Faida yako ya pili ni kwamba anayefundisha sehemu na asilimia hazisahau, na utazihitaji.

Steshenari na vibanda vya wakala wa fedha vinatafuta vijana wa kushika zamu. Steshenari hasa, kwa sababu maombi ya vyuo na mikopo hupita hapo, na utajifunza kujaza fomu za wengine kabla ya yako. Kwa wakala, sheria ni mbili: usitoe pesa kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja, angalia salio lako mwenyewe, na usiguse floti ya mwenye kibanda hata kwa saa moja.

Serikali nayo ina kazi za muda zinazokuja na kupita. Sensa ya Agosti 2022 ilihitaji makarani kila kitongoji nchini. Uboreshaji wa Daftari la Wapiga Kura ulioanza Julai 2024 ulihitaji waandishi na waendesha mashine. Maonesho ya Nane Nane yaliyofanyika kitaifa Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020 yalileta mabanda, na mabanda yanataka watu wa kupanga meza na kuwaeleza wageni. Kazi hizi hutangazwa kwa siku chache na zinataka vyeti, picha na mara nyingi kitambulisho cha NIDA. Mwenye miaka 18 ambaye hajaanza kufuatilia NIDA aanze leo, kabla ya kumaliza kusoma makala hii kama ofisi iko wazi.

Hatua ya sita: Lipwa

Hii ndiyo hatua ngumu, maana unafanya kazi kwa watu waliokujua ukiwa mtoto. Mjomba atakulipa kwa chakula na kukuambia wewe ni wa nyumbani. Michembe ya mjomba ni mitamu na uile, lakini kwenye daftari iandike kama chakula. Ujira ni pesa.

Mkubaliane kabla ya jembe kuinuliwa: kazi gani, kipande gani, shilingi ngapi, siku gani ya kulipa. Andika, msome wote wawili, na kama kazi ni ya wiki nyingi, mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi. Ukiambiwa "nitakulipa pamba ikiuzwa", uliza itakuwa lini na kilo ngapi, kisha omba nusu sasa. Mkulima wa kweli hakasiriki kwa hilo, kwa sababu yeye mwenyewe amewahi kusubiri malipo ya pamba na anajua wiki za kusubiri zilivyo ndefu.

Kama hujatimiza miaka 18 na laini ya simu imesajiliwa kwa jina la baba, pesa yako itaingia kwenye simu ya baba. Kaa naye mapema, mkubaliane kwa upole na heshima kwamba hizo ni za godoro. Baba anayeelewa safari ya mwanawe ni mlinzi bora kuliko nywila.

Hatua ya saba: Kataa kazi hizi, hata zikikubembeleza

Ya kwanza ni mgodi. Mkoa wetu una dhahabu, na dhahabu ina hadithi tamu ya kijana aliyeingia shimoni Jumatatu akatoka na gari. Hadithi ya kukumbuka ni ya Januari 2024: mgodi wa Ng'alita, wilayani Bariadi, ulibomoka na kuua watu 22. Walikuwa wachimbaji wadogo walioingia eneo lililozuiwa kwa sababu ya mvua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Mwenye miaka 18 na kuendelea sheria inamwachia aamue; mimi namwomba asiende.

Ya pili ni kunyunyiza sumu bila kinga. Dawa ya wadudu inaingia kwa ngozi na kwa pumzi. Bila viatu, glavu na kitambaa cha kuziba mdomo na pua, usivae bomba mgongoni. Aliye chini ya miaka 18 asivae kabisa, hata kama kinga zipo. Na chupa tupu ya dawa isirudi nyumbani kuwekwa maji au mafuta.

Ya tatu ni bodaboda ya hesabu kwa asiye na leseni. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni, iwe mvua imenyesha au abiria hawakutokea. Siku ya kuripoti shule inafika, hesabu ya wiki mbili unadaiwa, na huwezi kuondoka. Pikipiki imewachukua vijana wengi wa vijiji vyetu waliochaguliwa Kidato cha Tano, na wengi wao walisema watarudi shule wakishajipanga.

Ya nne ni kazi inayokulipisha. Ukiambiwa utume ada ya fomu, ada ya sare, ada ya vipimo, au ulipe ili uingie kwenye biashara ya kuingiza watu wengine, hiyo kazi ni wewe. Wewe ndiwe pamba inayovunwa. Mwajiri hutoa pesa. Anayepokea pesa kutoka kwako ana jina lingine, na polisi wanalijua.

Ya tano inawahusu zaidi mabinti. Anakuja shangazi wa mtu na habari za kazi ya ndani mjini, nauli juu yake, mshahara "mtaongea hukohuko". Usipande gari bila mzazi kujua nyumba, jina la mwenye nyumba, mshahara na tarehe ya kurudi. Chukua kazi iliyo karibu na nyumbani hata kama inalipa kidogo, maana matokeo yakitoka utakuwa karibu.

Hatua ya nane, kwa wazazi: mwachieni binti naye apate kibarua

Mvulana akimaliza Kidato cha Nne huambiwa akatafute. Msichana akimaliza huambiwa akachote maji, apike, alee wadogo zake, na jioni apumzike kwa kuosha vyombo. Miezi saba baadaye kaka ana pesa ya nauli, dada hana, na mtu fulani anakuja kumtajia baba idadi ya ng'ombe. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 2019 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu binti wa chini ya miaka 18 kuolewa ni kinyume cha Katiba. Lakini binti mwenye miaka 18 na barua ya kujiunga na chuo naye anahitaji kulindwa, na kinga yake ya kwanza ni pesa yake mwenyewe ya kufika chuoni. Gawaneni kazi za nyumbani, kaka naye achote maji, na dada apate asubuhi tatu kwa wiki za kushika zamu steshenari au kufundisha tuisheni.

Hatua ya tisa: Tumia kwa orodha

Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita ilifutwa kwa bajeti ya mwaka 2022/23, na watu wengine wakadhani safari imekuwa bure. Fungua maelekezo ya kujiunga na shule uone: godoro, mashuka, ndoo, sare, viatu, rimu ya karatasi, pengine na jembe. Ndiyo, jembe, umetoka nalo shambani unaingia nalo bwenini. Ongeza nauli, maana unaweza kupangwa mkoa ambao hujawahi kuusikia ukitajwa kwenye taarifa ya hali ya hewa.

Kwa hiyo kila ukilipwa, nunua kitu kimoja cha orodha siku hiyohiyo. Godoro likishakuwa ndani ya nyumba, haliwezi kukopwa na rafiki. Nauli uiweke mwisho na uikabidhi kwa mama. Simu mpya haimo kwenye orodha, uisome mara ngapi.

Neno la mwisho ni kwa wakulima, makarani, wenye vibanda na wenye steshenari wa Nkoma na Itilima yote. Kijana akija kuomba kazi na daftari lake la tarehe, mpeni kibarua, mlipeni siku mliyokubaliana, na siku ya kuripoti ikifika mwachieni aende, hata kama pamba bado iko shambani. Na wewe kijana, siku hiyo ikifika, usiongeze wiki moja ya mwisho ya kutafuta pesa. Kabidhi jembe la watu, aga, upande gari.